Kisima cha Shuleni hakiko baharini

Ramani ya kwanza niliyochora kwa ajili ya projekti yangu ya mwaka wa tatu ilitoka na Tanzania upande wa kulia, imejaa nukta, na nukta moja peke yake mbali kabisa kushoto, katikati ya bahari ya Atlantiki. Nikajua nimekosea mahali. Nikafuta, nikachora upya, ikarudi palepale. Ilikuwa kama saa tano usiku, nipo geto Nyegezi hapa Mwanza, bando linaelekea kuisha, na nikaona ngoja nijue hii nukta ni nini kabla sijalala, nikaikuza, kumbe siyo nukta moja. Ni vituo vya maji 1,812 vimekaa juu ya kimoja, vyote mahali pamoja. Nikavuta safu ya mkoa nione vinatoka wapi. Shinyanga 1,005. Mwanza 807.

Kwetu huko. Yaani kati ya mikoa 21 iliyomo kwenye ile data, iliyopotelea baharini ni mikoa miwili tu, na mmoja ni huu ninaoishi.

Nieleze kwanza data yenyewe. Ni orodha ya vituo vya kuchotea maji vya Tanzania, mabomba na visima, iliyotokana na Wizara ya Maji pamoja na mfumo unaoitwa Taarifa, halafu DrivenData wakaiweka wazi kama shindano la mtandaoni, mtu yeyote duniani anaishusha bure. Mistari ya kufundishia modeli, yaani ile programu inayojifunza kutabiri, ni 59,400. Kila mstari ni kituo kimoja: nani alifadhili, nani alijenga, maji yanavutwa kwa njia gani, watu wanalipiaje, kijiji, kata, wilaya, na mwisho hali yake siku waliyokwenda kukiangalia, nyingi zikiwa ni ziara za mwaka 2011 hadi 2013. Hali ziko tatu tu: kinafanya kazi, kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, hakifanyi kazi. Kazi ya mwanafunzi ni kuifundisha kompyuta itabiri hali kwa kuangalia hayo mengine. Wazo lenyewe zuri sana na bado nalipenda, kwamba badala ya kumtuma mtu kila kijiji unaweza kujua mapema wapi pa kumpeleka fundi kwanza.

Kwa hiyo wanafunzi wa nchi nyingi sana wamejifunzia takwimu na ujifunzaji wa mashine kwenye visima vyetu. Nimesoma kazi zao nyingi, na wengi wanatabiri sahihi asilimia 80 na kidogo hivi. Ukikaa ukasema tu kwamba vyote vinafanya kazi, bila modeli yoyote, unapata asilimia 54, maana vinavyofanya kazi ni 32,259. Kwa hiyo hiyo 80 siyo ndogo. Ila ukiichimba utakuta sehemu yake inapatikana kirahisi mno. Kuna safu inayosema kiasi cha maji, na vituo zaidi ya 6,200 vimeandikwa vikavu, na karibu vyote hivyo havifanyi kazi. Sasa modeli inapotuambia kisima kikavu hakifanyi kazi, hapo imetabiri nini? Yule aliyeandika kikavu na aliyeandika hakifanyi kazi ni mtu yule yule, siku ile ile, amesimama pale pale.

Turudi baharini. GPS isipokuwa na kitu cha kuandika, kwenye data inabaki sifuri. Longitudo sifuri na latitudo sifuri zinakutana kwenye Ghuba ya Guinea, ambako hakuna kisiwa wala mwamba, limewahi kuwekwa boya la kupimia hali ya hewa basi. Na kuna mtego hapo ambao naamini umewapita wengi. Ukiitafuta latitudo iliyo sawa na sifuri hupati hata moja, unaona safi, unaendelea mbele. Kwa sababu haikuandikwa sifuri kamili, imeandikwa namba ndogo mno, nukta na sifuri saba halafu mbili, tena hasi. Mpaka uiulize longitudo ndo inakwambia ukweli.

Na siyo mahali tu. Kuna vituo zaidi ya 20,000 vilivyojengwa mwaka sifuri na zaidi ya 21,000 vinavyohudumia watu sifuri. Ile mistari ya baharini hata urefu wake kutoka usawa wa bahari umeandikwa sifuri, wakati uso wenyewe wa Ziwa Victoria uko juu zaidi ya mita 1,100. Niliangalia sana ule mstari wa idadi ya watu. Kisima kipo, kina mfadhili, kina kamati, watu wanalipa, halafu watu ni sifuri.

Darasani tulifundishwa habari za data inayokosekana, na anayetajwa ni Donald Rubin na kazi yake ya mwaka 1976. Kwa lugha yangu mimi ni hivi: kuna kukosekana kwa bahati mbaya, kama karatasi imelowa na mvua popote pale nchini, na hiyo haina madhara makubwa. Kuna kukosekana kunakoelezeka na vitu vingine ulivyonavyo, kwa mfano mkoa. Na kuna kukosekana ambako sababu yake iko ndani ya kile kile kilichokosekana, na hapo ndo hatari. Ukiona mikoa 19 imekamilika na miwili ina shimo, hiyo siyo mvua. Kuna kitu kilitokea kwenye kukusanya. Na huwezi kujua ni nini kwa kukodolea macho jedwali.

Wengi wanafanya moja kati ya mambo mawili. Wanaifuta hiyo mistari 1,812, maana ni kama asilimia tatu tu ya data yote, haionekani. Au wanaijaza wastani wa mkoa. Mimi nilijaza wastani, siwezi kuficha, ndo njia niliyofundishwa na ndiyo inayofanyika haraka. Nikachora ramani, na visima 807 vya Mwanza vikatoka baharini vikaja kurundikana kwenye nukta moja ya nchi kavu. Na hiyo "Mwanza" ni ya mipaka ya zamani, maana Geita na Simiyu zilitangazwa kuwa mikoa mwaka 2012 na kwenye ile data hazipo. Kwa hiyo wastani wa mkoa unawavuta watu wa wilaya tofauti kabisa mpaka sehemu ambayo huenda hakuna hata mmoja wao anaishi.

Lakini kilichoniumiza kichwa zaidi ni kwamba modeli haikulalamika. Nilikuwa natumia msitu nasibu, ile njia ya Leo Breiman ya mwaka 2001, ambapo unaotesha miti mingi ya maamuzi kisha inapiga kura. Mti wa namna hiyo ukikutana na longitudo sifuri haushangai. Unauliza swali moja tu, je, longitudo ni chini ya 29, na wote wa baharini wanaingia chumba kimoja wanapewa jibu lao. Kwa mti, bahari ya Atlantiki ni wilaya kama wilaya nyingine. Asilimia inabaki ile ile. Niliijaribu na sifuri zake, nikaijaribu na wastani, nikaijaribu nimezifuta, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba ungeweza kuchagua yoyote na hakuna mtu angekuuliza.

Jumamosi nikaenda kwa bibi. Sikwenda kwa sababu ya projekti, nilikuwa nimempelekea dawa za presha na sukari kidogo. Nikapanda Hiace ya Magu pale Buzuruga, Igoma, Kisesa, tukaenda. Kwa bibi ni kutoka Magu unashuka kuelekea ziwani kwa bodaboda. Nikamkuta anapepeta mchele, nikamwamkia mwangaluka bibi, akaitikia huku anacheka kwamba mjukuu wangu unakisema Kisukuma kama umekinunua sokoni. Tukala, tukaongea, na mimi kichwani bado nina nukta yangu, nikamuuliza bibi, hivi siku hizi maji mnachota wapi?

"Kwa Mwalimu."

Kwa Mwalimu ni wapi?

"Si kwa Mwalimu."

Nikaelewa kwamba kwake hilo ndo jibu kamili. Huyo mwalimu alishahama miaka mingi, nyumba yenyewe imebaki msingi, lakini kisima kilichimbwa karibu na uwanja wake na kinaitwa hivyo mpaka leo, na hakuna mtoto pale kijijini ambaye ukimwambia nenda kwa Mwalimu atapotea. Nikakaa kimya kidogo. Kwa sababu nilikumbuka kwamba kwenye ile data kuna safu ya jina la kituo, na hiyo safu nilikuwa nimeifuta siku ya kwanza kabisa.

Kila mtu anaifuta. Ina majina 37,400 tofauti, na ukiwa na safu ambayo karibu kila mstari una neno lake, modeli haijifunzi kitu, inakariri tu, kwa hiyo kitaalamu unaitupa na uko sahihi. Jina linalojirudia kuliko mengine ni Shuleni. Halafu Zahanati. Msikitini. Kanisani. Na maelfu kwa maelfu ya Kwa Mzee fulani, Kwa Mama fulani, Sokoni, Kwa Mwenyekiti. Mtu asiyejua Kiswahili anaona kelele. Sisi tukisoma tunaona anwani! Mahali pa kile kisima hapakupotea hata siku moja. GPS ilinyamaza lakini yule aliyeshika fomu aliuliza wenyeji wakamwambia kiko wapi, akaandika, na maandishi yapo.

Jioni nikaenda na ndoo. Bomba la Kwa Mwalimu ni la mkono, na pale kuna foleni ya madumu ambayo ukiikuta unajua kuna tatizo kabla hujauliza. Unapampu mpini kwa muda mrefu sana mkono mpaka unauma ndo maji yanapanda, yakishapanda yanakuja vizuri, ukipumzika kidogo yanashuka tena unaanza upya. Asubuhi ni nafuu. Mchana yanachoka kabisa. Akina mama pale walinipa hali za mabomba bila hata kufikiria: kuna linalotoa, kuna linalotoa kwa shida, kuna lililolala, na kuna lililokufa. Lililolala ni la kununulia raba za ndani, watu wachange. Lililokufa ni la kuanza upya. Fomu imewaweka lililolala na lililokufa kapu moja, na hili la Kwa Mwalimu lingeandikwa nini inategemea tu mwandishi alifika saa ngapi.

Na hili la kutoa kwa shida ndilo ambalo modeli zetu zote zinashindwa. Wanaohitaji matengenezo ni vituo 4,317, asilimia saba na kidogo, na modeli yangu ilikuwa inavikosa vingi kuliko inavyovipata, inavitupa kwenye vinavyofanya kazi. Kwenye asilimia ya jumla huoni chochote, kundi ni dogo. Lakini ndilo kundi pekee ambalo utabiri una maana yoyote, kwa sababu kilichokufa kijiji kizima kinajua kimekufa na kizima hakihitaji mtu. Hiki cha katikati ndo bado kinaokolewa na raba, kabla hakijalala.

Kikilala kwa bibi watu hawakai bila maji, ziwa lipo, unaliona pale. Watoto wanashuka na madumu, wanaingia mpaka magotini kwa sababu pembeni kuna matope, na kwenye yale maji ya majani majani wapo konokono wanaobeba kichocho. Kila mtu wa ukanda huu anamfahamu mtoto mmoja au wawili. Shuleni tulimeza vidonge vyake, tukipimwa urefu kwa fimbo ndo ujue unapewa vingapi. Sasa mimi nimekaa Nyegezi na safu ya watu sifuri.

Mzee mmoja ambaye ndiye fundi wa mabomba kwa vijiji vile vya jirani alikuja akakaa na sisi. Akaniambia la Kwa Mwalimu ni la enzi za Hesawa. Nikafurahi mno kwa sababu Hesawa naijua kutoka kwenye safu ya wafadhili! Ule ulikuwa mradi wa maji na afya uliofadhiliwa na Sweden kwenye mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara, kuanzia 1985 mpaka 2002, na kwenye safu ya wajenzi umeandikwa mara Hesawa, mara HESAWA kwa herufi kubwa, na kompyuta inahesabu hao ni wajenzi wawili tofauti. Kwa mzee ni mmoja, na aliwahi kuwabebea mabomba begani. Nikamuuliza ni nani anatengeneza siku hizi, akanieleza habari za jumuiya ya watumia maji na RUWASA, wakala wa maji vijijini, walioanza 2019, hela ya ndoo inavyokusanywa, nani anashika daftari. Alieleza vizuri kuliko sura ya pili ya ripoti yangu.

Niliporudi mjini nilianza upya. Kata ilikuwa imeandikwa muda wote kwa ile mistari ya baharini, kwa hiyo nilichukua mipaka ya kata za sensa ya 2012 kutoka NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, nikaanza kuoanisha majina. Ni kazi ya mikono hata kama programu inakusaidia kupima herufi ngapi zinatofautiana, kwa sababu kata moja imeandikwa kwa l hapa na kwa r pale, na ng' yetu ikikosa ile alama yake ya juu inakuwa neno jingine. Kompyuta inakuletea majina matano yanayofanana, na anayejua lipi ndilo ni mtu wa huku. Chini ya kata ndo pagumu zaidi. Vitongoji vinavyojirudia kuliko vyote nchini ni Madukani, Shuleni na Majengo, kila kimoja zaidi ya mara 500. Kwa hiyo ukiwa na Shuleni iliyoko Madukani unahitaji mtu wa kukwambia ni maduka gani.

Asilimia haikupanda. Nilikaa wiki kadhaa kwenye hii kazi na namba ya mwisho ikasogea kidogo sana, na mara nyingine ikarudi nyuma. Kwanza nilivunjika moyo, halafu nikaona sababu. Sehemu ya kujipimia imekatwa kutoka kwenye data ile ile kwa bahati nasibu, kwa hiyo nayo ina visima vya baharini, na modeli iliyojifunza bahari inapimwa kwa bahari. Nilipobadilisha kipimo, nikaificha wilaya nzima wakati wa kufundisha halafu nikaiambia modeli sasa tabiri hii ambayo hujawahi kuiona, ndo nikaona kila kitu kinashuka, na hapo kujua jirani halisi wa kisima ni nani kukaanza kuwa na thamani. Siku ya presentesheni niliulizwa kama faida ni ndogo hivi kwa nini nimetumia muda mwingi hivyo kwenye mistari asilimia tatu. Ni swali la haki. Nikajibu kwamba ni asilimia tatu ya nchi, lakini ni zaidi ya robo ya mistari ya Mwanza, 807 kati ya 3,102, na kama kesho mtu atatumia modeli hii kupanga fundi aende wapi, hiyo robo haina pa kuendewa. Nilijibu kwa sauti ya kutetemeka, ila nilijibu.

Msimamizi wangu baadaye aliniita akaniambia nitoe nakala ya kata ya bibi niipeleke. Hilo lilikuwa wazo lake na namshukuru kwalo, mimi nilikuwa nimeshafunga laptopu.

Nikaprinti. Kurasa chache tu, jina la kituo, kitongoji, kijiji, na hali iliyoandikwa wakati ule. Fundi akavaa miwani akakaa chini ya mti, hakugusa kabisa safu ya utabiri wangu, akaanza kusoma majina kwa sauti moja baada ya jingine, na kwa kila moja ananyoosha mkono upande kilipo. Hiki kipo. Hiki walifukia, pale wamejenga. Hiki kinatoa chumvi, watu wanafulia tu. Kwa Mwalimu, hiki raba. Mimi naandika pembeni kwa kalamu. Wale akina mama waliokuja kuchota wakasimama wakaanza kumsahihisha, ikawa mjadala mkubwa.

Kisha akafika mstari ambao kwenye jina la kituo pameandikwa neno la Kiingereza la kusema hakuna. Iko mistari zaidi ya 3,500 ya hivyo kwenye data nzima. Akaniuliza mjukuu, hili ni jina la nani? Nikamwambia siyo la mtu mzee, ni kwamba hawakuandika jina. Akakitazama kitongoji, akatazama kijiji, akahesabu kwa vidole vile alivyokwisha kuvitaja, akamgeukia mama mmoja wakaongea Kisukuma haraka haraka.

"Basi ni kile cha pale kwenye mwembe," akasema. "Hakuna kingine kilichobaki."

Nikaandika Mwembeni.